Gesi ya mjomba: usiwashe kabla hujaikagua

Tuseme mjomba wako alikuwa fundi gereji pale Kibaoni, Ifakara. Sasa amezeeka, ameacha kazi, na amekukabidhi vyombo vyake vya kuchomelea kwa gesi: mitungi miwili, mipira, regyuleta zenye saa za presha, na tochi. Vimekaa stoo miaka minane chini ya magunia ya mpunga. Mteja ameshaleta bampa lake na kibiriti unacho mfukoni. Utafanyaje?

Vijana wengi wangefungua valvu kuona kama gesi bado ipo. Subiri kwanza, kaka. Na wewe dada pia, maana hata wasichana wanasomea kuchomelea siku hizi.

Umeme umefika sehemu nyingi za Bonde la Kilombero, kwa hiyo mafundi wengi wanatumia mashine ya umeme. Gesi imebaki kwa bodi za magari, bati jembamba, kukata chuma kinene na kuunga fremu za baiskeli, na Ifakara baiskeli hazihesabiki. Ndiyo maana vyombo vya gesi hulala stoo miaka, halafu siku moja kazi inatokea vinakumbukwa. Kwa macho vinaonekana vizima. Lakini chuma huvumilia miaka, mpira hauvumilii.

Basi anza na mipira. Ukunje kwa vidole, kipande kwa kipande. Ukiona mipasuko midogo kama magaga ya kisigino, huo umekufa. Usiufunge kwa solotepu wala mpira wa tairi. Usikate palipooza ukaunga kwa kipande cha bomba la shaba, kwani asetilini ikikaa kwenye shaba tupu hutengeneza kitu kinachoweza kulipuka kwa kuguswa tu. Mimi kwa miaka minane nisingebishana na mpira wowote, ningenunua mipya: bluu ya oksijeni, nyekundu ya asetilini. Bei inauma, lakini jicho haliuzwi dukani.

Sasa mitungi. Mweusi kwa kawaida ni oksijeni, na wa rangi ya damu ya mzee ni asetilini. Usiamini rangi peke yake, maana mtu anaweza kupaka rangi yoyote. Angalia nati: ya asetilini hufungwa kinyume, kushoto. Tazama tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye shingo, kisha kagua kitako, maana sakafu yenye unyevu wa masika hula chuma kuanzia chini. Mtungi wenye kutu ya kubanduka au tarehe ya zamani urudishwe kwa kampuni inayojaza gesi. Kumbuka mtungi wa oksijeni uliojaa una presha zaidi ya mara 60 ya tairi la gari dogo.

Asetilini nayo ina tabia yake. Ndani ya mtungi kuna kitu kama sifongo kilicholowa asetoni, na gesi imeyeyuka humo. Ukiukuta umelazwa, usimamishe na uuache siku nzima kabla ya kuutumia. Presha inayokwenda kwenye tochi isizidi paundi 15 kwenye saa, kwa sababu juu ya hapo asetilini inaweza kulipuka yenyewe hata bila hewa.

Kuna jambo moja linalowaponza hata mafundi wazoefu. Nati ikigoma, mkono unakwenda kwenye oili. Kwa gari ni sawa, kwa oksijeni ni hatari kubwa! Oili au grisi ikikutana na oksijeni yenye presha inaweza kuwaka bila kibiriti. Hata mikono na matambara ya gereji yasiwe na mafuta. Nati iliyogoma ipeleke kwa anayejua.

Regyuleta ina kiwambo cha mpira ndani, nacho huzeeka vilevile. Kama mshale wa saa haurudi sifuri, hiyo haifai. Kabla ya kufungua mtungi, legeza skrubu ya regyuleta, simama pembeni, kisha fungua polepole. Usisimame mbele ya saa. Weka pia vizuia moto kurudi, ambavyo mjomba pengine hakuwa navyo. Tochi nayo itazame tunduni, nyigu wa udongo wanapenda kujenga humo. Safisha kwa sindano zake, si kwa msumari.

Kama mjomba alitumia dramu la kabaidi, ushauri wangu ni mfupi: usilifufue. Na kopo la kabaidi lililolala stoo bonde letu likifurika ni la kuogopa zaidi. Unyevu ukiingia, gesi hujaa ndani, ukiligonga kwa nyundo na patasi cheche moja inatosha. Hewa yenye asilimia 2.5 tu ya asetilini inaweza kulipuka. Ukisikia harufu kama kitunguu saumu, usiwashe chochote wala usibonyeze swichi. Toka nje, uite fundi anayeijua kazi hiyo.

Vyote vikiwa sawa, vipeleke nje penye hewa, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo na utazame kama kuna mapovu. Palipo na mapovu, funga mtungi kwanza ndipo urekebishe. Kabla ya kuwasha, pitisha kila gesi peke yake kidogo ili hewa ya zamani itoke mpirani. Vaa miwani ya giza ya kuchomelea, kwani miwani ya jua haitoshi kwa moto wa nyuzi zaidi ya 3,000 za Selsiasi. Kama umeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupatie vifaa vya kujikinga, kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu.

Weka na ndoo ya maji karibu. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, funika kidonda kwa kitambaa safi, kisha mpeleke hospitali, hasa kama ameungua usoni, mikononi au machoni.