Mswaki Uliosahaulika: Ununuzi wa Vitu Vidogo Katika Safari ya Meli

Katika safari ya basi, kusahau mswaki si jambo la kuumiza kichwa. Kila stendi ina kibanda, na kila kibanda kina dawa ya meno. Katika safari ya meli mambo ni mengine. Chombo kikishang'oa nanga, abiria hana duka jingine ila lililomo ndani, wachuuzi watakaokutana na meli njiani, na ukarimu wa wenzake. Vitu vinavyosahaulika mara nyingi ni vilevile miaka yote: mswaki, sabuni, taulo, kandambili, mafuta ya kupaka, wembe, pedi, nepi za mtoto, chaja ya simu na dawa. Vinapatikana wapi, kwa bei gani na kwa fedha ya namna gani hutegemea aina ya meli na mahali inaposimama.

Kwa mkazi wa Lizaboni, Songea, mkoani Ruvuma, meli iliyo karibu zaidi ni ya Ziwa Nyasa. Safari huanza kwa gari kutoka Songea kupitia Mbinga hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, umbali wa kilomita zipatazo 170. Kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay, ambacho zamani kilikuwa vumbi na matope ya kona za milimani, sasa ni lami. Kutoka Mbamba Bay abiria hupanda MV Mbeya II, meli iliyojengwa Itungi, Kyela, na kuanza kazi mwaka 2021. Hubeba abiria 200 na mizigo tani 200, nayo hupita vituo vya mwambao kama Liuli, Lundu, Manda na Lupingu kabla ya kufika Kyela. Upande wa Ludewa milima ya Livingstone imelikaribia ziwa kiasi kwamba baadhi ya vijiji kwa miaka mingi vimetegemea chombo cha majini kuliko gari. Hilo lina maana yake kwa mnunuzi: duka la kijiji cha aina hiyo hupokea bidhaa zake kwa meli au boti, na bidhaa zikiisha, zimeisha mpaka chombo kirudi.

Ndani ya meli za maziwa makuu duka huwa ni kantini, na kantini haikuwekwa kwa ajili ya mswaki. Huuza chai, soda, maji, biskuti, wali na samaki, na katika baadhi ya meli bia, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyotoka haraka. Mwendeshaji wa kantini ana rafu chache na hana sababu ya kuijaza moja kwa vichana na nyembe ambazo zitauzwa mbili kwa safari. Anayebahatika atakuta sabuni ya kipande, karatasi za chooni, kiberiti, labda na vidonge vya maumivu. Zaidi ya hapo asitegemee. Hata vyoo vya meli nyingi za namna hii havina sabuni wala karatasi kwa uhakika, hasa meli ikiwa na abiria wengi na safari ikiwa ya usiku kucha. Kwa hiyo sabuni na karatasi ndivyo vinavyotakiwa kukaa juu kabisa ya begi, mahali pa kufikiwa bila kufungua kamba zote.

Soko lenyewe liko nje ya meli. Hilo lilionekana wazi zaidi katika Ziwa Tanganyika, kwa MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kwa miongo mingi ikasafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Vituo vyake vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, ikapiga honi, na mitumbwi ikaja mbio kutoka ufukweni, mingine ikiwa na abiria, mingine na bidhaa. Mitumbwi ilibanana ubavuni mwa meli chini ya mlango wa kupakilia, huyu akishika ubao wa mwenzake ili asisukumwe nyuma, yule akinyanyua juu kikapu cha dagaa, nanasi au maandazi huku akitaja bei kwa sauti ya kushinda injini. Biashara ya namna hiyo ni ya dakika chache. Mnunuzi hana nafasi ya kulinganisha wala kupunguziwa sana, na mwenye noti ya shilingi 10,000 anayetaka kitu cha shilingi 500 hawezi kusubiri chenji, maana mtumbwi ukishaachana na meli haurudi. Wazoefu huwa na sarafu na noti ndogondogo mfukoni kabla honi haijapigwa.

Hata hivyo wachuuzi wa majini huleta zaidi chakula, kwa sababu ndicho kinachozalishwa kijijini. Sabuni na dawa ya meno huletwa kijijini kutoka mjini, na hapo ndipo kiini cha bei kilipo. Mche wa sabuni unaouzwa katika kijiji cha mwambao wa Nyasa aghalabu umepita kwa jumla Songea au Mbinga, ukapandishwa gari hadi Mbamba Bay, ukapakiwa tena majini, ukashushwa kwa mtumbwi. Kila mkono ulioupokea umeongeza chake, na mwenye duka wa mwisho anauza kidogo kwa wiki, hivyo lazima faida yake iwe kubwa kwa kila kipande. Msafiri wa Lizaboni anayenunua sabuni hiyo Manda anaweza kuwa analipia nauli ya bidhaa iliyopita karibu na mlango wake. Wengi humlaumu mwenye duka kwa hilo. Ni lawama isiyo na haki, kwani yeye mwenyewe ameinunua ghali.

Maduka ya rejareja ya mitaa kama Lizaboni yana sifa nyingine ambayo msafiri hufaidika nayo bila kuifikiria: huuza kidogokidogo. Mche wa sabuni hukatwa vipande kwa kisu. Sabuni ya unga na shampuu zipo katika pakiti za kutumia mara moja. Wembe huuzwa mmoja, nepi moja, vidonge viwili. Kwa familia yenye kipato kidogo huo ndio utaratibu wa maisha, japo kwa hesabu ya mwezi mzima kununua vidogovidogo hugharimu zaidi. Kwa msafiri wa siku mbili, hata hivyo, ndio ujazo unaofaa: hakuna chupa kubwa ya kumwagikia nguo. Melini hakuna pia sharti la vimiminika kama lile la viwanja vya ndege, kwa hiyo mafuta na sabuni ya maji hubebwa bila maswali, mradi kifuniko kikazwe.

Meli za kitalii zinazotia nanga Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa ni ulimwengu tofauti. Norwegian Dawn, iliyofika Dar es Salaam Januari 2024 ikiwa na watalii zaidi ya 2,000, ni mfano wa meli yenye maduka kadhaa ndani yake. Humo dawa ya meno, mafuta ya kujikinga na jua na dawa za maumivu hupatikana, ila kwa bei inayozidi sana ya dukani nchi kavu, na kwa dola. Fedha taslimu kwa kawaida hazipokewi: kila kitu huandikwa kwenye kadi ya chumba na hesabu hufungwa mwisho wa safari. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba maduka hayo hufungwa meli inapokuwa bandarini. Sababu yake ni ya kiforodha. Bidhaa za ndani ya meli hazijalipiwa ushuru wa nchi iliyofikiwa, hivyo haziruhusiwi kuuzwa mpaka meli iwe baharini. Abiria anayegundua saa mbili asubuhi bandarini kwamba hana wembe ana njia mbili: kushuka kwenda mjini, au kuuliza mapokezi, ambako katika baadhi ya meli mswaki na wembe mwepesi hutolewa bure kwa anayeomba. Wengi hawaulizi.

Akishuka, mji humhudumia vizuri kuliko meli. Zanzibar, kutoka bandarini hadi Darajani ni mwendo wa kutembea, na maduka ya pale yana kila kitu kilichotajwa katika makala haya. La kuangalia ni saa. Meli ya kitalii hutangaza muda wa abiria wote kuwa ndani, ambao huwa kabla ya muda halisi wa kuondoka, na aliyechelewa hujigharimia safari ya kuifuata bandari inayofuata. Wale wa boti ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja hawana shida hiyo. Safari yao ni ya saa mbili hivi, na kinachohitajika zaidi ni mfuko wa kutapikia, ambao wahudumu huugawa.

Kutapika kunaleta suala la dawa, na hapa msafiri wa Ruvuma ana historia upande wake. Mkoa huu ndio uliotumika kwa majaribio ya kwanza ya maduka ya dawa muhimu nchini mwaka 2003, mpango uliolenga kuchukua nafasi ya yale yaliyoitwa maduka ya dawa baridi kwa kuwapa wauzaji mafunzo na kuwaruhusu kuuza orodha pana zaidi ya dawa, zikiwemo baadhi zinazohitaji cheti cha daktari. Leo maduka hayo yapo mikoa mingine pia. Dawa za kichefuchefu cha safari zinunuliwe huko kabla ya kuondoka, kwa sababu ya namna zinavyofanya kazi: humezwa kabla ya mawimbi kuanza, si baada. Aliyekwishaanza kutapika huitoa dawa pamoja na maji yake. Baadhi, kama promethazini, huleta usingizi mzito, na muuzaji anapaswa kuulizwa kuhusu wajawazito na watoto. Ziwa Nyasa si ziwa la utani upepo wa kusi unapovuma katikati ya mwaka.

Dawa za kila siku za shinikizo la damu, kisukari, pumu au kifafa ni habari nyingine kabisa. Hizo hazina mbadala wa kuazima. Vidonge vya jirani wa sitahani vinaweza kuwa vya rangi ileile na vya ugonjwa uleule, lakini kipimo si kilekile. Katika mwambao wa Nyasa zipo hospitali, kama ile ya Mtakatifu Anna ya Waanglikana iliyoko Liuli, ila kuifikia kunamaanisha kushuka na kuiacha meli iende.

Kwa mahitaji ya wanawake na watoto wachanga, khanga huokoa mengi: ni taulo, shuka, kibebeo na pazia la kubadilishia nguo, na vipande vyake safi huweza kushika nafasi ya pedi au nepi hadi kituo kinachofuata. Kuazima pedi kwa abiria mwenzake ni jambo la kawaida. Taulo, mswaki na wembe haviazimwi. Wembe hasa huweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI kwa tone la damu lisiloonekana.

Tahadhari mbili zinahusu vibanda vya bandarini. Ya kwanza ni vipodozi. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, lakini bado hupenyezwa, na msafiri mwenye haraka aliyesahau mafuta yake ndiye anayeuziwa. Mafuta ya mgando ya kawaida yanatosha. Ya pili ni mfuko wa kubebea: tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile iliyozoeleka kwa jina la Rambo, hairuhusiwi, na muuzaji wa kibanda huenda asiwe na mbadala. Kikapu au mfuko wa kitambaa ubebwe kutoka nyumbani.

Malipo ya simu yanafanya kazi vizuri Mbinga na Mbamba Bay, ila katikati ya ziwa mtandao hukatika, na M-Pesa isiyo na mtandao hainunui hata kiberiti. Fedha za kutolewa kwa wakala zitolewe Mbinga mjini, ambako ndiko pia penye maduka mengi ya mwisho kabla ya kuteremka ziwani. Kwa begi linalofungwa Lizaboni, mpangilio unaofaa ni dawa za kila siku na miwani kwanza, noti ndogondogo pili, chaja tatu. Sabuni ikisahaulika, isirudishe mtu nyumbani: hata Manda ipo, ila ataongeza mia mbili tatu.