Nguvu ya gari ni bure kama tairi halishiki

Vijana wetu wengi wanayapenda magari ya kale ya Kimarekani: Mustang, Camaro, Charger, Chevelle. Huyaona kwenye simu, na jamaa zetu walioko Ghuba na Marekani wengine wanayo. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: mbona gari lenye nguvu kiasi hicho likikanyagwa mafuta, matairi ya nyuma huzunguka papo hapo, moshi ukafuka, na gari lisiende?

Chukua Chevelle SS ya mwaka 1970 yenye injini ya LS6. Ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Nguvu zote hizo hupita kwenye matairi mawili ya nyuma, ilhali injini, chuma kizito, imekaa mbele. Nyuma kwepesi, na kila tairi hugusa lami kwa kipande kidogo tu. Nguvu ikizidi mshiko, tairi huteleza, na likishateleza hushika kidogo zaidi.

Dawa ya kwanza ni tairi lenyewe. Mpira hukauka kwa umri hata kama meno yangalipo, na magari haya hukaa gereji miaka. Tazama tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi pana la mpira laini hushika vyema kuliko gumu. Upepo nao ukizidi, tairi hugusa kwa katikati tu; ukipungua mno, tairi hupata moto na laweza kupasuka.

La pili ni difu. Difu ya kawaida hairuhusu gurudumu lililoshika kupata nguvu zaidi ya lile linaloteleza. Ndiyo maana Chevrolet waliuza difu ya Positraction, na Dodge wakawa na Sure-Grip, zinazosaidia magurudumu yote mawili kusukuma pamoja.

La tatu ni springi. Camaro ya 1967 ilikuwa na springi ya bapa moja kila upande. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, eksele hujipinda, springi hukunjika kisha hufyatuka, na gurudumu huanza kurukaruka. Mwaka 1968 Chevrolet waliweka shoku moja mbele ya eksele na nyingine nyuma yake ili kutuliza hali hiyo. Mafundi wengine hufunga vyuma vya kuizuia eksele isijipinde. Wapo pia wanaohamishia betri kwenye buti ili nyuma kuongezeke uzito.

Mguu nao ni dawa, tena haugharimu kitu. Kanyaga mafuta polepole.

Ninavyoona mimi, makosa ya wengi ni mpangilio: pesa huenda kwenye injini kwanza, tairi hukumbukwa mwisho. Na jambo hili si la Marekani pekee. Hiace zinazotubeba kila siku nazo husukumwa na magurudumu ya nyuma, na zikiwa tupu nyuma huwa kwepesi. Tairi kipara mvua ya masika inaponyesha, kwenye kona, mkia hutangulia. Kwenye mashindano, tairi lisiloshika humnyima dereva ushindi. Kwenye matatu iliyojaa watoto wa watu, huondoa roho. Abiria ni amana. Mwenye gari, kabla ya kununua redio na taa za rangi, kagua matairi ya nyuma.