Mwili Mzito, Mawazo Mazito: Hatua Ndogo za Kila Siku za Kupunguza Msongo

Mtu mzima mwenye uzito uliozidi hubeba mizigo miwili. Wa kwanza huonekana kwa macho na hupimwa kwa mizani. Wa pili ni msongo wa mawazo, usiopimwa kwa mizani yoyote, lakini mara nyingi ndio unaomzuia kuutua ule wa kwanza. Makala haya yanaeleza jinsi mizigo hiyo inavyofungamana, na hatua nyepesi ambazo mkazi yeyote wa kata anaweza kuzichukua nyumbani, njiani na kazini, bila gharama au kwa gharama ndogo.

Jambo hili haliwahusu watu wachache. Tafiti za kitaifa za afya zilionesha kuwa wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na kufikia mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Kwa maneno mengine, katika kila wanawake wanne, zaidi ya mmoja. Wanaume nao hawajasalimika, hususan wale ambao kazi zao ni za kukaa kutwa: madereva, wauza maduka, mafundi cherehani na watumishi wa ofisini.

Uzito uliozidi hupimwaje?

Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mathalani, mtu mwenye kilo 72 na urefu wa mita 1.60 atagawa 72 kwa 2.56, naye atapata takriban 28. Jibu kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito unaofaa. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kipimo hiki hakiwahusu wajawazito. Asiye na mizani anaweza kutumia futi ya fundi cherehani: kiuno cha mwanamke kikifika sentimita 80, na cha mwanamume sentimita 94, ni ishara kwamba mafuta yameanza kujikusanya tumboni, mahali ambapo huleta madhara zaidi.

Msongo unavyonenepesha

Mtu akikabiliwa na hatari, mwili hutoa homoni kadhaa, mojawapo ikiwa ni kotisoli. Kazi yake ni kuupa mwili nguvu ya kupambana au kukimbia: huongeza sukari katika damu, huku homoni nyingine zikiuharakisha moyo. Hatari ikipita, homoni hizo hushuka na mwili hutulia. Huo ni utaratibu mwema wa maumbile.

Shida ni kwamba mashaka ya siku hizi hayapiti kwa dakika kumi. Deni la mwezi huu huungana na ada ya shule ya mwezi ujao. Ugonjwa wa mzazi huungana na ugomvi wa mpaka wa shamba. Kotisoli ikibaki juu kwa majuma na miezi, huchochea hamu ya chakula, hasa kitamu na chenye mafuta, na huyaelekeza mafuta kujikusanya tumboni. Usingizi nao huharibika. Aliyelala vibaya huamka mchovu, huona njaa zaidi kuliko kawaida na hukosa nguvu ya kutembea. Uzito ukiongezeka, magoti huuma, pumzi hukatika na mashaka huzidi. Ndivyo mduara unavyojifunga.

Jamii nayo huukaza mduara huo kwa pande mbili. Upande mmoja kuna kebehi: utani wa kwenye daladala kuhusu kulipa viti viwili, au majina ya kubandikwa mtaani. Utani wa namna hiyo haumpunguzii mtu hata gramu moja. Humfanya ajifungie ndani na ale kwa siri. Upande wa pili kuna sifa: mwili mkubwa huhesabiwa kuwa ndiyo dalili ya maisha mazuri, na anayepungua huanza kunong'onwa kwamba anaumwa au kwamba ndoa imemshinda. Wapo wanaoacha mazoezi si kwa uvivu, bali kwa kuogopa minong'ono hiyo. Jirani mwema hana budi kuiacha midomo ya aina zote mbili.

Anza na pumzi

Hatua rahisi kuliko zote haihitaji hata kusimama. Kaa wima, legeza mabega, vuta hewa kwa pua huku ukihesabu hadi nne, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huupunguzia moyo mwendo na huuarifu mwili kwamba hatari haipo. Fanya hivyo asubuhi kabla ya pilikapilika, na kila unapojikuta unakwenda kwenye sahani ilhali huna njaa. Ukimaliza, jiulize: ni tumbo linalodai, au ni moyo?

Tembea, hata kidogo kidogo

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani dakika 30 kwa siku tano. Si lazima ziwe za mfululizo. Dakika kumi asubuhi, kumi mchana na kumi jioni zinatosha. Mwendo wa wastani ni ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba.

Kwa hiyo, shuka kwenye bodaboda au bajaji kituo kimoja kabla ya unapokwenda. Nenda sokoni kwa miguu. Kulima bustani, kuchota maji na kufagia uwanja ni mazoezi pia. Mwenye magoti yanayouma aanze kwa dakika tano kwenye njia tambarare, akiwa amevaa viatu vyenye soli laini, na aongeze kidogo kila juma. Mama lishe au fundi cherehani anayeketi muda mrefu na asimame kila baada ya nusu saa, anyooshe mgongo na kuzunguka.

Faida kwa akili huja mapema kuliko faida kwa uzito. Wengi hulala vizuri zaidi na huona mawazo yamepungua katika majuma ya mwanzo, kabla mizani haijasogea. Anayeitazama mizani peke yake hukata tamaa haraka. Anayeutazama usingizi wake hupata sababu ya kuendelea. Kutembea na mwenzi ni bora zaidi, kwa kuwa miguu inapokwenda ulimi nao hufunguka. Itakumbukwa pia kwamba kampeni ya kitaifa ya mazoezi iliyozinduliwa Desemba 2016 iliitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Mitaa na vijiji vinaweza kuitumia siku hiyo kutembea pamoja.

Sahani na kikombe

Kujinyima chakula ghafla huongeza msongo, na aghalabu huishia kwenye kula kupita kiasi. Badala yake, badilisha mpangilio. Jaza nusu ya sahani kwa mboga kama mchicha, matembele au kabichi. Robo iwe ugali, wali au ndizi. Robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki au kuku. Ugali wa dona hushibisha kwa muda mrefu kuliko wa sembe. Viazi vya kuchemsha vichukue nafasi ya chipsi siku nyingi za juma.

Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko vinane hadi tisa vya chai. Anayekunywa chupa moja kila siku na kuibadilisha kwa maji amepunguza mengi bila kugusa sahani yake. Chai punguza kijiko kimoja kwanza. Ulimi ukizoea, punguza kingine. Pombe nayo, ijapokuwa huonekana kuondoa mawazo, huvuruga usingizi na huongeza uzito.

Usingizi ni dawa

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Lala na amka saa zilezile kila siku, weka simu mbali na kitanda, na usinywe chai ya rangi au kahawa jioni. Kama unakoroma sana na wenzako wanasema pumzi hukatika ukiwa umelala, mweleze mganga. Hali hiyo huwapata zaidi wenye uzito mkubwa na ina tiba.

Chanzo cha mawazo kishughulikiwe

Mazoezi hayalipi deni. Iwapo linalokukosesha usingizi ni mkopo wa riba kubwa, ile mikopo ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu, tafuta njia nyingine mapema. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mlango wa kuanzia ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwa migogoro ya ndoa, matunzo ya watoto au ukatili, muone ofisa ustawi wa jamii.

Lini uende kituoni?

Shinikizo la damu na kisukari vinaweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili. Mwenye uzito uliozidi apimwe walau mara moja kwa mwaka katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu tu ameanza mazoezi. Maumivu ya kifua au pumzi kukatika wakati wa kutembea ni sababu ya kusimama na kwenda kituoni bila kuchelewa. Vivyo hivyo huzuni isiyoondoka kwa majuma mawili, au mawazo ya kujidhuru: hayo ni maradhi kama mengine, yana matibabu, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwisho, lengo na liwe dogo. Kwa mtu mwenye kilo 90, kupungua asilimia 5 ni kilo nne na nusu tu, na kiasi hicho kinatosha kuanza kushusha shinikizo la damu na sukari. Chagua hatua moja kati ya hizi, uishike kwa majuma mawili, ndipo uongeze ya pili.