Kabla ya kununua pikapu, muulize dereva

MKULIMA akivuna vizuri na bei ikawa nzuri, baada ya ada za watoto na bati za nyumba, linalofuata ni gari. Na gari lenyewe mara nyingi huwa pikapu, maana Jumatatu litabeba mbolea na Jumapili litapeleka familia kanisani.

Ugumu huja wakati wa kuchagua. Mwenye fedha huangalia jina, rangi na bei. Dereva, ambaye ndiye atakayelala nalo njiani likiharibika, huitwa siku ya kukabidhiwa ufunguo.

Katika familia moja ya wakulima wa viazi mviringo mkoani Njombe, mambo yalikwenda tofauti. Mzee wa nyumba alitaka kuuza Hilux yao ya zamani ya singo kebini na kununua dabo kebini ya kisasa. Mama aliona fedha hizo ziende kwanza kwenye mbegu na mbolea. Waliposhindwa kuelewana, walimwita dereva wao, aliyewaendesha tangu watoto wakiwa shule ya msingi, atoe maoni yake.

Dereva hakuanza na jina la gari. Alianza na maswali matatu: litabeba nini, litapita wapi, na likiharibika litatengenezwa na nani?

Walichojifunza

Maswali hayo yalikuwa na sababu. Miaka ya nyuma familia hiyo iliwahi kuwa na pikapu ya pili, ya kisasa zaidi, iliyopatikana kwa bei nafuu. Katikati ya mavuno nozeli zikafa. Fundi wa karibu hakuwa na mashine ya kuzipima, na mpya zikabidi ziagizwe kutoka Dar es Salaam. Gari likakaa gereji wiki tatu.

Viazi vilivyokwisha kuchimbwa vilibaki pembeni mwa shamba. Kiazi kikipigwa na jua hugeuka kijani, na wanunuzi hukikataa. Mzee alilazimika kumuuzia mchuuzi aliyekuja na gari lake, na aliyepanga bei akawa huyo mwenye gari, tena kwa lumbesa.

Tangu hapo dereva huyo ana hesabu yake. Anasema bei ya gari haiishii kwenye fedha zinazolipwa siku ya kununua. Kila siku ambayo gari limelala wakati mzigo unasubiri nayo ni gharama, na mwenye gari ndiye anayeilipa.

Singo au dabo kebini?

Pikapu nyingi za ukubwa wa Hilux hutengenezwa kubeba takriban tani moja, abiria wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Magunia 10 ya kilo 100 tayari ni tani moja. Anayepakia lumbesa 10 hudhani yuko ndani ya kipimo, kumbe amekwisha kuvuka.

Bodi la nyuma la singo kebini lina urefu wa mita 2.3 hivi, wakati la dabo kebini ni kama mita 1.5. Mzigo ukizidi katika bodi fupi, magunia hurundikwa juu na kuning'inia nyuma ya ekseli. Pua ya gari huinuka, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na baada ya muda chesisi huanza kupinda au kupasuka nyuma ya kebini.

Hata hivyo, dereva huyo hawalaumu wanaopenda dabo kebini. Mgonjwa usiku, watoto wakati wa mvua, au safari ya msibani huhitaji viti. Kwenye singo kebini watu huishia kukaa juu ya mizigo, jambo la hatari na lisiloruhusiwa, na anayesimamishwa na trafiki ni dereva.

Ushauri wake ni kuhesabu safari za mwaka mzima. Kama nyingi ni za mzigo, singo kebini. Kama nyingi ni za watu na mzigo ni wa hapa na pale, dabo kebini, lakini mavuno yakodiwe lori.

Injini na dumu la mafuta

Injini za dizeli za zamani, kama 3L na 5L za Toyota au TD27 ya Nissan, hazina mambo mengi. Mlimani zikiwa na mzigo zinakwenda taratibu, lakini fundi wa mji mdogo anazifahamu, na pampu yake hutengenezeka.

Injini mpya, kama za D-4D za Toyota, zina nguvu zaidi na hutumia mafuta vizuri. Lakini nozeli zake huongozwa na kompyuta na hupokea mafuta kwa msukumo mkubwa sana. Maji kidogo au uchafu wa dumu unaweza kuziua zote. Mwenye gari la namna hiyo ajaze mafuta kwenye kituo anachokiamini, amwage maji kwenye filta mara kwa mara na abadilishe filta kwa wakati.

Kila moja na kazi yake

Kwa Hilux, dereva huyo anasifu jambo moja kuliko yote: spea zake zipo hata kwenye miji midogo, na siku ya kuuza halikosi mteja. Ubaya wake ni bei, na wingi wa spea bandia.

Isuzu D-Max anaipenda kwa uvumilivu wa injini na mzigo. Nissan za zamani anaziona zinamfaa mwenye fedha kidogo, mradi chesisi iwe haijaoza. Ford Ranger anaisifu kwa nguvu na starehe ya safari ndefu, ila anashauri mnunuzi amtafute kwanza fundi anayeijua.

Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 anaiona ngumu kuliko zote kwenye tope, lakini mafuta yake yanahitaji biashara kubwa. Kwa mchuuzi wa sokoni, kirikuu inatosha. Ajue tu kwamba injini yake ni ya cc 660 na kwao Japani imewekewa kikomo cha kilo 350. Ikibebeshwa mara tatu ya hapo, isilaumiwe.

Kabla ya kulipa

Wanaoagiza Hilux kutoka Japani wajue kuwa Toyota iliacha kuiuza katika soko la nchi hiyo mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017. Za miaka ya katikati zilizotumika hutoka kwingine, ikiwamo Thailand ambako pikapu nyingi hutengenezwa. Muuzaji anayedai gari la mwaka 2010 lilinunuliwa jipya Japani aulizwe maswali zaidi.

Jambo jingine ni undugu wa magari. Mazda BT-50 za miaka ya 2010 zinashabihiana na Ranger, lakini toleo lililotoka mwaka 2020 linashabihiana na D-Max. Anayenunua spea kwa kutaja jina tu anaweza kurudi na kifaa kisichoingia. Aende na namba ya chesisi.

Kwa gari lililokwisha kutumika nchini, dereva huyo hushauri liwashwe asubuhi likiwa la baridi, si baada ya muuzaji kulipasha moto. Ingia chini uangalie kama chesisi imechomelewa. Hesabu springi za nyuma, maana zilizoongezwa zinaeleza lilikuwa likibebeshwa nini. Linganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye kadi. Kisha lipakie mzigo na ulipandishe mlima, kwani gari tupu kwenye lami halisemi ukweli.

Mwishowe familia ile haikununua dabo kebini mwaka huo. Hilux ya zamani ilipelekwa gereji mapema, ikabadilishiwa klachi, bushi na springi moja iliyokatika, na mama akapata fedha za mbegu. Mzee hajaacha nia yake. Anaendelea kuweka akiba, na amekubali sharti moja: siku ya kwenda kuangalia gari, dereva na fundi watangulie, na fedha zibaki benki mpaka warudi.