Je, Wajua? Maniema inagawanyika, Kongo inagoma

Jimbo la Maniema, ambalo makao yake makuu ni Kindu, huhesabiwa kuwa na kilomita za mraba 132,250. Namba hiyo ni laini ajabu: ni 2 × 5 × 5 × 5 × 23 × 23, na zipo namba 24 zinazoigawa bila baki. Sasa chukua eneo la nchi yake nzima, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambalo mara nyingi huandikwa 2,345,410. Igawe kwa 2, kisha kwa 5, inabaki 234,541. Hapo utakwama, kwani hiyo ni namba tasa. Kuthibitisha kwa mkono si mchezo: unaijaribu kwa namba tasa zote 92 zilizo chini ya 485. Usiendelee zaidi, maana 485 × 485 ni 235,225, imeshapita. Kikokotoo cha simu kinaruhusiwa.