Kwa Nini Nepi za Watu Wazima Zimeachwa Nyuma na za Watoto

Kushindwa kuzuia mkojo ni hali ambayo mkojo humtoka mtu pasipo hiari yake, ama kwa matone anapokohoa, kucheka au kujitwika ndoo, ama kwa mkupuo kabla hajafika chooni, ama mfululizo usiku na mchana bila yeye kuhisi haja yoyote. Hali hiyo si ugonjwa mmoja bali ni dalili inayoletwa na mambo mengi: misuli ya sakafu ya nyonga iliyolegea baada ya uzazi, tezi dume iliyovimba, kiharusi, kisukari, jeraha la uti wa mgongo, kichocho cha muda mrefu kilichokakamaza kibofu, na fistula ya uzazi. Katika pwani inayoanzia Mikindani, ikapita Mtwara mjini na Msimbati hadi kwenye maingilio ya Mto Ruvuma, si ajabu kukuta nyumba moja ambamo mtoto mchanga amevalishwa pampasi nyembamba yenye mstari unaobadilika rangi ikilowa, ilhali bibi yake, aliyelala chumba cha pili, ametandikiwa vipande vya kanga kuukuu juu ya karatasi ya nailoni. Tofauti hiyo ina sababu za kimaumbile na sababu za kibiashara, na zile za kibiashara ndizo nzito zaidi.

Nepi ya kisasa, iwe ya mtoto au ya mtu mzima, hujengwa kwa tabaka nne. La kwanza, linalogusa ngozi, ni kitambaa chepesi cha nyuzi za polipropilini kinachopitisha mkojo bila chenyewe kubaki kimelowa. La pili ni tabaka la kupokea, ambalo kazi yake ni kuudaka mkojo unaotoka kwa kasi na kuusambaza. La tatu ni kiini cha nepi, mchanganyiko wa nyuzi za mti zilizosagwa na chembechembe za sodiamu poliakrilati. Na la nne ni ganda la nje la plastiki. Chembechembe hizo, ambazo kwa macho hufanana na sukari nyeupe, ndizo zilizobadili kila kitu katika sekta hii. Kila chembe ni fundo la minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikanishwa pamoja. Maji yakiingia, ioni za sodiamu huachana na mnyororo, chaji hasi zinazobaki husukumana, fundo hufunguka, na maji zaidi huvutwa ndani kwa nguvu ya osmosisi hadi chembe nzima iwe jeli isiyomwagika. Katika maji safi chembe huweza kunyonya mara mia kadhaa ya uzito wake. Katika mkojo, ambao chumvi yake hupunguza nguvu hiyo ya kuvuta, hunyonya takriban mara 30 hadi 50, na ikikandamizwa na uzito wa mwili uwezo huo hupungua tena.

Utafiti uliozaa polima hizo ulifanyika Marekani katika miaka ya 1960, kwa sehemu katika maabara ya Wizara ya Kilimo iliyoko Peoria, Illinois, ambako nia ilikuwa kupata kitu kitakachousaidia udongo kutunza maji. Katika mji huohuo wa Peoria, mwaka 1961, kampuni ya Procter & Gamble iliingiza nepi za Pampers sokoni kwa majaribio, ingawa wakati huo kiini chake kilikuwa bado cha nyuzi za karatasi tu. Mambo hayo mawili hayakukutana mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wajapani walipotia polima ndani ya nepi na kuifanya iwe nyembamba kuliko ilivyowahi kuwa.

Mtu mzima huipa teknolojia hiyo mtihani mgumu zaidi. Kwa kanuni inayotumiwa na madaktari, yaani umri wa mtoto kwa miaka, ongeza 1, kisha zidisha kwa 30, kibofu cha mtoto wa mwaka mmoja hubeba takriban mililita 60. Cha mtu mzima hubeba 400 hadi 500, na mwenye afya huutoa mkojo huo kwa kasi ya mililita 15 hadi 25 kila sekunde. Polima haivimbi papo hapo, kwa hiyo mkojo unaokuja kwa kasi hiyo hukuta chembe bado kavu na kutafuta njia pembeni mwa paja, hasa kama tabaka la kupokea ni hafifu. Mtengenezaji anayejaribu kulitatua tatizo hilo kwa kuongeza chembe tu huzua jingine, kwani chembe za juu zikishavimba huziba njia ya kuelekea chini, na nepi huanza kuvuja huku sehemu yake kubwa ikiwa haijaguswa na mkojo. Juu ya hayo kuna uzito: mwili wa kilo 60 au 70 uliokaa kitini hukandamiza jeli palepale ilipojaa, jambo ambalo mtoto wa kilo 9 hawezi kulifanya. Tena watoto wa umri mmoja hukaribiana kwa umbo, lakini watu wazima hutofautiana kwa nyonga, tumbo na mapaja, na mahitaji ya anayetembea hayafanani na ya yule asiyeweza kugeuka kitandani. Nepi ya mtoto iliyokuzwa tu bila kusanifiwa upya huwa nepi kubwa inayovuja.

Hata hivyo, ugumu huo umekwisha kupatiwa ufumbuzi mahali ambapo kuna mnunuzi. Japani, ambako wazee ni wengi na watoto ni wachache, thamani ya mauzo ya nepi za wazee ya kampuni ya Unicharm iliipita ile ya nepi za watoto zaidi ya miaka kumi iliyopita, na mwaka 2024 kampuni ya Oji Holdings ilitangaza kuacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la nchi hiyo ili ielekeze nguvu kwenye za watu wazima. Huko zipo pedi nyembamba za wanaume na za wanawake kila moja kwa umbo lake, suruali za kuvaa kwa anayetembea, na nepi za usiku zenye ganda linalopumua. Kinyume chake, Procter & Gamble, iliyokuwa imeanza kuuza nepi za watu wazima za Attends mwaka 1978, iliiuza biashara hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 na haikurudi katika soko hilo mpaka mwaka 2014. Kwa takriban miaka 15, kampuni yenye jina kubwa kuliko zote katika nepi za watoto haikuwa na nepi hata moja ya mtu mzima. Pengine jambo lililodhuru zaidi ni kwamba katika nchi nyingi mnunuzi mkuu wa nepi za watu wazima alikuwa hospitali au nyumba ya kutunzia wazee, iliyonunua kwa maelfu na kutazama bei tu. Mvaaji hakuulizwa kama imemchubua, ilhali mama wa mtoto mchanga huhama chapa mara tu aonapo vipele.

Tanzania imo katika hali yake yenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban asilimia 5.7, kwa hiyo macho ya mfanyabiashara yanaelekea kwa watoto. Mkoa wa Mtwara una wakazi zaidi ya milioni 1.6, wengi wakitegemea korosho, ambazo fedha zake huingia kwa msimu, kuanzia mnada wa Oktoba na kuendelea miezi michache tu. Nepi, kwa upande wake, huhitajika kila siku ya mwaka. Pampasi za mtoto hupatikana hata katika kibanda cha kijijini, zikiuzwa moja moja, lakini anayetaka ya mtu mzima hulazimika kwenda duka la dawa mjini, na mara nyingi hukuta saizi moja ya aina moja. Katika ufinyu huo familia hubuni: pampasi mbili za mtoto huchanwa na kuunganishwa, au moja huwekwa ndani ya chupi na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki. Ubunifu huo unaeleweka, ila kisayansi una kasoro mbili, kwa sababu kiini cha pampasi ya mtoto hujaa kwa mkupuo mmoja wa mtu mzima, na plastiki inayobana hufungia joto na unyevu juu ya ngozi.

Joto na unyevu, katika pwani hii, si mambo ya kupita kijuujuu. Bakteria hugeuza yurea iliyomo katika mkojo kuwa amonia, na amonia huiondolea ngozi asidi yake kidogo ambayo ndiyo ngao yake. Ngozi iliyolowa hulainika, huchubuka kwa msuguano, kisha fangasi huingia. Nepi nzuri ya mtoto huzuia hilo kwa ganda lenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopatikana kwa kuchanganya plastiki na unga wa chokaa na kuivuta hadi itoboke: mvuke hupita, mkojo haupiti. Nepi nyingi za bei nafuu za watu wazima bado zina ganda la plastiki tupu, ambalo katika hewa ya Mtwara ya Desemba, kabla ya mvua kutulia, humwacha mgonjwa kama aliyefungwa ndani ya nailoni. Kitambaa cha pamba hupumua, na hapo kanga kuukuu ina sifa yake, lakini kitambaa hakitengi mkojo na ngozi, nacho hudai maji, sabuni na jua. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi yasiyotoa povu, na katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kuelekea Newala na Tandahimba, maji ya kusukumwa kwa pampu kutoka mabondeni hayajawahi kuwa ya kumwaga ovyo. Anayebeba mzigo huo wa kufua na kuanika karibu kila mara ni binti au mkamwana wa nyumba, na kazi yake haihesabiwi popote kama gharama ya ugonjwa.

Jambo moja linastahili kusemwa kwa mkazo, nalo ni kwamba nepi haipaswi kutangulia uchunguzi. Mvujo mwingi hutibika. Mazoezi ya sakafu ya nyonga, yaani kubana misuli ileile inayotumika kukatiza mkojo, walau mara 8 kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku kwa muda wa miezi mitatu, huwapunguzia wanawake wengi mvujo wa kukohoa na kunyanyua. Tezi dume ina dawa na ina upasuaji. Kupunguza kunywa maji, ambako wengi hukimbilia, hufanya mkojo uwe mkali na kukisumbua kibofu zaidi. Na kwa fistula, ambayo hutokea pale uchungu wa muda mrefu unapomkandamiza mtoto dhidi ya kibofu hadi nyama inayotenganisha kibofu na uke kufa na kuacha tundu, hakuna nepi duniani inayotosha, kwani mkojo wote wa siku, lita moja hadi mbili, hupita hapo bila kukoma. Dawa yake ni upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, inayotoa tiba hiyo bila malipo, iligundua kuwa kilichowazuia wanawake wengi kilikuwa nauli, na tangu mwaka 2009 imekuwa ikituma fedha za safari kwa M-Pesa kupitia mabalozi wanaowatambua wagonjwa vijijini. Kwa mwanamke wa Msimbati au Kilambo, aliye zaidi ya kilomita 550 kutoka hospitali hiyo, utaratibu huo una thamani kuliko nepi yoyote.

Wapo watakaobaki wakihitaji nepi hata baada ya tiba, na kwao Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa msimamo mwaka 2016, lilipoziweka nepi na pedi za kunyonya mkojo katika orodha yake ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, pamoja na viti vya magurudumu, miwani na vifaa vya kusaidia kusikia. Lugha ya kodi na forodha imekwenda polepole zaidi. Fungu la forodha la kimataifa namba 9619, lililoanza kutumika mwaka 2012, lilitaja taulo za kike, tamponi na nepi za watoto, na mtu mzima akaachwa ndani ya maneno “vitu vinavyofanana na hivyo” mpaka marekebisho ya mwaka 2022 yalipoondoa neno watoto. Nchini, unafuu wa ushuru wa malighafi umetangazwa katika hotuba za bajeti kwa jina la nepi za watoto, na taulo za kike zilijadiliwa kwa nguvu hadi zikaondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, ingawa kodi hiyo ilirejeshwa mwaka uliofuata. Mzee asiyeweza kuzuia mkojo hajapata mtetezi wa kiwango hicho, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni mahali panapofaa kuanzia utetezi huo.

Kwa familia inayonunua leo, michoro ya matone kwenye pakiti haina maana moja, kwa kuwa kila mtengenezaji huchora kwa kipimo chake. Hata kipimo cha maabara cha ISO 11948-1 hutumbukiza nepi nzima katika maji ya chumvi, hivyo hutoa namba kubwa kuliko ile ambayo mvaaji ataipata. Kipimo cha uhakika ni mzani wa dukani: nepi hupimwa ikiwa kavu, kisha hupimwa tena inapoanza kuvuja, na kwa kuwa gramu moja ya mkojo ni karibu sawa na mililita moja, tofauti ya uzito ndiyo uwezo wake halisi kwa mgonjwa huyo. Ngozi ioshwe kwa maji, ikaushwe bila kusuguliwa, kisha ipakwe mafuta ya mgando kwa wembamba sana, kwa sababu mafuta mengi huziba kitambaa cha juu na kuufanya mkojo ubaki juu ya ngozi. Ikionekana kwamba mgonjwa havuji zaidi ya mililita 200 au 300 kwa usiku mzima, pedi ya mkojo ndani ya chupi ya kubana yaweza kumtosha, na nepi nzima ikawekwa akiba kwa siku ya safari ya kwenda hospitali.