Mtunzi wa Chemshabongo Amefungwa Mikono

Anayeshindwa na chemshabongo ngumu ya gazetini huwa na kisingizio kimoja: hajui mambo mengi. Hajui mito ya Ulaya, hajui wachezaji wa zamani, hajui miungu ya Wagiriki. Kisingizio hicho kina ukweli, ila ni kidogo. Chemshabongo ni shindano la watu wawili wasioonana, msomaji na mtunzi, na kati yao mtunzi ndiye aliyefungwa mikono. Herufi hazimruhusu kila atakalo, sarufi inamchunga, na jedwali linamdai kila neno lipatane na majirani zake. Msomaji anayezijua kamba hizo hulifikia hata jibu ambalo hakulijua alipoanza.

Kamba zenyewe zina historia. Chemshabongo ya kwanza ya aina hii ilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, ikachapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Gazeti la The New York Times liliubeza mchezo huo mwaka 1924, kisha likaja kuanzisha chemshabongo yake tarehe 15 Februari 1942 chini ya mhariri Margaret Farrar. Kanuni zinazofuatwa hapo hadi leo ni kali. Jedwali likipinduliwa juu chini, visanduku vyeusi vibaki palepale vilipokuwa. Neno la herufi mbili halikubaliki. Kila herufi iwe ndani ya maneno mawili, moja la mlalo na moja la wima. Siku za kazi na Jumamosi jedwali huwa la visanduku 15 kwa 15, na Jumapili 21 kwa 21. Ya Jumatatu ndiyo nyepesi kuliko zote, ya Jumamosi ndiyo ngumu kuliko zote. Kanuni hizo za msingi ni zilezile Jumatatu na Jumamosi. Kinachobadilika zaidi ni namna vidokezo vinavyojifunika.

Tuanze na kamba ya herufi, kwa sababu hiyo haihitaji hata kusoma kidokezo. Maneno ya kawaida ya Kiswahili huishia kwa irabu. Kwa hiyo kisanduku cha mwisho cha kila neno kina herufi tano tu zinazoweza kukaa humo, na kama kisanduku hicho kinapitiwa na neno jingine, hilo nalo limeshapunguziwa kazi. Herufi C haikai peke yake. Hufuatwa na H. Ukiipata C mahali maneno mawili yanapokutana, andika H kulia kwake na H nyingine chini yake: herufi moja imekuzalia mbili. Q na X hazimo. Ukiacha majina ya watu na mahali, konsonanti inayoandikwa mara mbili mfululizo ni M au N, kama katika mmea na nne. Ukiona majaribio yako yamezaa T mbili zilizofuatana, usisumbuke kulitafuta neno hilo kwenye kamusi. Kuna kosa mahali.

Kamba hiyohiyo inaeleza kwa nini jedwali la mtindo wa New York haliwezi kuhamishiwa Kiswahili jinsi lilivyo. Kila kisanduku cheupe cha safu ya mwisho upande wa kulia ni mwisho wa neno la mlalo. Kama kila neno la mlalo linaishia kwa irabu, basi neno la wima linaloshuka ukingoni litakuwa irabu tupu. Mtunzi anaweza kujiokoa kwa "aua", na akipata bahati "eua", lakini hatafika mbali. Ukingo wa chini una tatizo hilohilo. Hana budi kuongeza visanduku vyeusi na kuacha baadhi ya herufi zikiwa ndani ya neno moja tu, kama ilivyo kwenye majedwali mengi ya Uingereza. Msomaji avitafute vile visanduku ambamo maneno yanakutana, aanze na hivyo. Herufi isiyopitiwa na neno la pili haina wa kuithibitisha.

Kamba ya pili ni sarufi. Kidokezo na jibu lazima vilingane: wingi kwa wingi, kitenzi kwa kitenzi, wakati uliopita kwa wakati uliopita. Kiswahili kinamkaba mtunzi zaidi ya hapo, kwa sababu ngeli huvujisha siri. Kidokezo kinachoanza na "Kinacho..." mara nyingi kimeshakwambia kwamba jibu linaanza na KI au CH. "Yanayotafuna" kinaelekeza kwenye MA au ME, na ukihesabu visanduku vinne unaandika MENO bila kusita. Mtunzi anayetaka kukutesa hukimbilia kiambishi "hu-", kwa kuwa hicho hakisemi mtenda ni wa ngeli gani. Ukikutana na "Hupanda", "Huliwa" au "Hufunguliwa", jua mtu amejificha hapo makusudi.

Chukua mfano huu niliouandaa kwa ajili ya safu hii: "Mbuzi huila lakini haimezi", herufi nne. Mawazo hukimbilia majani. Lakini majani yangetaka "huyala", na nyasi zingetaka "huzila", kwa hiyo yote mawili yameanguka kabla hata ya kuhesabu herufi. Tunatafuta kitu kinachopokea "i": ama cha umoja kama nyama, ama cha wingi kama mito. MITI! Mbuzi hula miti, herufi ni nne, ngeli inakubali. Wengi wataandika kwa kalamu ya wino.

Tazama sasa neno linaloshuka kupitia herufi ya tatu. Kidokezo chake ni "Ya kujitolea haina mshahara", herufi nne, na tayari tunazo K, A na I. Ukiiamini T ya MITI unapata KATI, neno halisi kabisa la Kiswahili, lakini halina uhusiano wowote na mshahara. Jibu ni KAZI. Z inaingia, MITI inafutwa, na neno la mlalo linalobaki ni NAZI. Mbuzi aliyesemwa si mnyama, ni kile kifaa cha kukunia nazi jikoni. Rudi usome kidokezo uone mtego ulivyotegwa. "Huila" inaficha mtenda. "Haimezi" inasomeka kwa njia mbili: mnyama haimezi hiyo nazi, au mbuzi yenyewe, kile kifaa, haimezi kitu. Sarufi imeinyamazia tofauti hiyo. Angalia pia kwamba MITI na NAZI huishia kwa herufi ileile, hivyo neno linalopita kwenye I lisingekuokoa. Herufi ya tatu ndiyo iliyotoa ushahidi.

Hapa ndipo chemshabongo inapoachana na kitendawili. Kwenye kitendawili, mtegaji ndiye hakimu. Ukishindwa unampa mji, naye anataja jibu unalopaswa kulikubali, hata kama lako lilifaa kulingana na maneno yake. Kwenye chemshabongo jedwali ndilo linaloamua, na mtunzi mwenyewe hawezi kulipinga.

Kamba ya tatu ni haki. Waingereza waliifanyia kazi sana katika aina ya chemshabongo ambayo kila kidokezo chake ni fumbo. Derrick Macnutt, aliyetunga kwa jina la Ximenes katika gazeti la The Observer, aliziweka kanuni zake kitabuni mwaka 1966. Kiini chake ni kwamba mtunzi anaruhusiwa kumpotosha msomaji, lakini haruhusiwi kumdanganya. Kidokezo kiwe na maana ya jibu upande mmoja na njia ya kulijenga upande wa pili, pasiwepo neno la kupamba tu. Kwa Kiswahili mambo yangekuwa hivi: "Samaki amefichwa mtaani", herufi tatu. "Samaki" ndiyo maana, "amefichwa" ndiyo amri, na "mtaani" ndiko mahali pa kutafuta. Ndani ya neno hilo amelala TAA, samaki bapa anayejulikana na kila mvuvi wa pwani. Msomaji mpya husoma sentensi hiyo akaiona picha ya samaki aliyefichwa uchochoroni. Mzoefu haoni picha. Anaona maneno matatu, kila moja na kazi yake.

Kutumia vikwazo vya mpinzani kumewahi kuwa na uzito mkubwa kuliko burudani. Januari 1942, wakati wa vita, gazeti la The Daily Telegraph la London lilialika wasomaji kushindana kujaza chemshabongo yake kwa muda usiozidi dakika 12. Baadhi yao waliitwa baadaye kufanya kazi Bletchley Park, kituo cha kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani. Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe, ilikuwa na kikwazo chake: haikuweza kuigeuza herufi ikawa yenyewe. A haikutoka A kamwe. Wavunja siri walikisia neno linalotarajiwa ndani ya ujumbe, wakalilaza chini ya herufi zilizonaswa, na popote herufi mbili zilipofanana wakajua neno halipo hapo. Hiyo ni kazi ya kufuta zaidi kuliko kazi ya kukumbuka.

Je, jedwali lenyewe linaweza kukuhadaa? Mara chache sana, na mtunzi hulipa gharama kubwa. Tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais Marekani, The New York Times lilichapisha chemshabongo ya Jeremiah Farrell, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Butler. Kidokezo cha katikati kilitaja habari kuu ya gazeti la kesho yake, na jibu lilikuwa jina la mshindi. Wapo waliojaza CLINTON, wakalishutumu gazeti kwa kumtangaza mshindi kabla ya kura kuhesabiwa. Wapo waliojaza BOBDOLE, yaani Bob Dole, mpinzani wake. Wote walikuwa sahihi. Majina yote mawili yana herufi saba, na Farrell alitunga vidokezo saba vya wima ambavyo kila kimoja kilikuwa na majibu mawili. Mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween, kwa mfano, aliweza kuwa paka, CAT, au popo, BAT. Will Shortz, mhariri wa chemshabongo wa gazeti hilo, huitaja kuwa ndiyo aipendayo kuliko zote. Kumwondolea msomaji ushahidi wa neno moja tu kulimlazimisha mtunzi avipinde vidokezo saba. Kwa jedwali zima haiwezekani, na ndiyo maana makutano ya maneno yanaaminika.

Ukiikalia chemshabongo ngumu, basi, pitia vidokezo vyote kabla ya kujaza chochote, ujaze kwanza vile vyenye jibu moja tu. Jenga kona moja mpaka ishikane. Usirukeruke jedwali zima. Andika irabu za mwisho na viambishi vya ngeli kwa penseli hata kabla ya kulijua neno. Ukikwama, usirudi kwenye visanduku vitupu. Hivyo havina kosa. Tafuta neno ulilolijaza kwa haraka na kwa uhakika mkubwa, ambalo hakuna neno jingine lililolithibitisha, ulifute. Mara nyingi ni hilo lililokuwa limeifunga kona nzima, na mtunzi alilitegemea kosa hilo tangu alipoandika kidokezo.